LPB, ITVS, NALIP au LALIFF: Mtayarishaji Mlatino Mwenye Filamu Yake Abishe Hodi Wapi Kwanza?

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Kwenye skrini hawaonekani kwa wingi huo, na wengi wanaoandika juu ya jambo hili huishia kulalamika. Makala haya ni ya aliyekwisha kuamua kutengeneza filamu yake. Ni Mlatino aliyeko Los Angeles, Fresno, San Antonio au Chicago, hana studio nyuma yake, ana kamera, mada na labda saa 20 za picha. Au ni mtu wa Afrika Mashariki anayefanya kazi bega kwa bega naye. Anataka kujua aanzie wapi.

Majina manne hutajwa kila watu hao wanapokutana: LPB, ITVS, NALIP na LALIFF. Hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba zote zinatoa kitu kilekile. Hazitoi. Mbili za kwanza zinalipia filamu yako na kuchukua haki ya kuirusha. Ya tatu inakukutanisha na watu na kukunoa. Ya nne inakupa ukumbi na watazamaji. Anayebisha hodi pasipo pake hupoteza mwaka mzima kabla ya kujua kwamba filamu yake haikuwa mbaya, ila ilifika isikotakiwa, au ilifika mapema mno.

Tuanze na nani ni nani. Latino Public Broadcasting, yaani LPB, ilianzishwa mwaka 1998 na mwigizaji Edward James Olmos pamoja na Marlene Dermer. Kazi yake ni kutoa fedha kwa vipindi vinavyohusu maisha ya Walatino na kuvifikisha kwenye mtandao wa televisheni ya umma wa PBS, baadhi kupitia mfululizo wake yenyewe uitwao VOCES. Ina ndugu wanne wenye kazi ya aina hiyo: mmoja kwa Wamarekani Weusi, mwingine kwa wenye asili ya Asia, mwingine kwa Wenyeji wa Amerika, na mwingine kwa watu wa visiwa vya Pasifiki.

ITVS, yaani Independent Television Service, si ya Walatino peke yao. Iliundwa kwa agizo la Bunge la Marekani mwaka 1988 ili watayarishaji huru wapate nafasi katika televisheni ya umma, makao yake ni San Francisco, na ndiyo inayosimamia mfululizo wa Independent Lens. Tumeiweka humu kwa sababu filamu nyingi za Walatino zinazoanzia LPB hupitia huko kutafuta fedha kubwa zaidi, na kwa sababu mikataba ya taasisi hizi mbili inafanana kiasi cha kuwachanganya watu.

NALIP, chama cha taifa cha watayarishaji huru wa Kilatino, kilizaliwa mwaka 1999. LALIFF ni tamasha la kimataifa la filamu za Kilatino la Los Angeles. Lilianza mwaka 1997, na Olmos huyohuyo ni mmoja wa waanzilishi. Ukiliona jina lake kila mahali usishangae. Watu waliojenga njia hizi walikuwa wachache na walishika kazi nyingi kwa wakati mmoja.

Kwa ufupi, zikiwekwa ubavu kwa ubavu:

| | LPB | ITVS | NALIP | LALIFF |
|---|---|---|---|---|
| Unachopata | Fedha za utayarishaji na njia ya kufika PBS | Utayarishaji-wenza na fedha nyingi zaidi | Mafunzo, washauri, mikutano na wanunuzi | Onyesho, watazamaji, na ufadhili wa filamu fupi |
| Unachotoa | Haki za televisheni ya umma kwa miaka kadhaa | Haki hizo, pamoja na sehemu ya mapato ya baadaye | Ada ya uanachama na muda wako | Ada ya kuwasilisha, na hadhi ya onyesho la kwanza |
| Kazi inayofaa | Hasa dokumentari yenye mada ya Kilatino | Dokumentari iliyokwisha kuanza kupigwa | Dokumentari, tamthilia, mfululizo | Ndefu na fupi, za Marekani na za nje |
| Wakati wake | Kati ya sampuli nzuri (kipande kifupi kinachoonyesha filamu itakavyokuwa) na uhariri | Katikati ya upigaji au kwenye uhariri | Kwenye wazo na andiko | Filamu ikiwa imekwisha |

Kuna jambo linalozigusa LPB na ITVS ambalo lazima lisemwe kabla ya mengine. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengewa CPB, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili kupitisha fedha za serikali kwenda redio na televisheni za umma. Mwezi uliofuata CPB ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake. LPB na ITVS zote mbili zilikuwa zikitegemea fungu hilo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mwongozo wowote ulioandikwa kabla ya hapo, wenye viwango na tarehe za miito ya kuomba fedha, usome kama historia. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa ombi, ulizia mambo manne: je, mwito uko wazi, je, fedha ziko mkononi au bado zinatarajiwa, zinatoka kwa nani, na malipo ya kwanza hutoka siku ngapi baada ya saini. Na kwenye bajeti, fedha ya televisheni ya umma isizidi theluthi moja. Aliyezoea kuiwekea nusu au zaidi atafute pengine pa kujaza pengo.

LPB na ITVS: zinafanana wapi, zinaachana wapi

Masharti ya msingi ya taasisi hizi mbili ni kama mapacha. Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, awe raia au mkazi halali wa Marekani, awe ndiye mwenye hakimiliki, na awe na mamlaka kamili juu ya maudhui na bajeti. Filamu ya mwanafunzi haipokelewi, na filamu ya kutangaza kampuni au shirika haipokelewi. Sharti la mamlaka ndilo linalowaangusha wengi. Ukiwa umesaini na mwekezaji mkataba unaompa neno la mwisho kwenye uhariri, hata kwa kifungu kidogo cha ukurasa wa 9, umekwisha kujitoa mwenyewe.

LPB humsikiliza hata mtu anayeanza, mradi sampuli yake iwe na nguvu na mada iwe ya Kilatino kwa undani. Mada haiwi ya Kilatino kwa sababu tu mmoja wa wahojiwa anaitwa García. ITVS hutaka kuona kwamba angalau mmoja wa wakuu wa mradi amekwisha kumaliza filamu nyingine isiyo ya shuleni, na kwamba upigaji umeanza. Kiwango chake nacho ni kikubwa zaidi: miito yake mikuu ya miaka ya karibuni ilifika hadi dola 350,000 kwa filamu moja. Hiyo inavutia, lakini si zawadi. Ni utayarishaji-wenza. Hakimiliki inabaki kwako, ITVS inachukua haki za televisheni ya umma ya Marekani kwa muda wa mkataba, na filamu ikiuzwa kwingine wao wana sehemu yao ya mapato. Watakaa nawe kwenye uhariri pia: watatazama mkato wa awali, yaani filamu ilivyounganishwa mara ya kwanza, watatoa maoni, na malipo yanayofuata yatasubiri mkato huo ukubaliwe.

Hapo ndipo pa kuangalia mzunguko wa fedha. Malipo ya taasisi zote mbili huja kwa hatua: sehemu kwenye saini, sehemu kwenye mkato wa awali, sehemu kwenye mkato wa mwisho, na kipande cha mwisho baada ya vifaa vyote vya kurushia kupokelewa na kukaguliwa. Mhariri analipwa kila wiki. Chukulia dokumentari ya saa moja juu ya wavuna zabibu wa Central Valley, California, yenye bajeti ya dola 280,000. Wiki 26 za uhariri kwa dola 2,800 kwa wiki ni dola 72,800, na zote zinatakiwa kabla ya kile kipande cha mwisho kuingia. Bila akiba au mkopo mfupi, uhariri unasimama wiki ya 18, mhariri anachukua kazi nyingine, na filamu inalala miezi 5. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu miradi mingi iliyoshinda fedha hukwama hapa, si kwenye ombi.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu. Anza na fedha ndogo za utafiti na sampuli. Kisha LPB, ambayo saini yake huwapa wengine imani. ITVS ije nyuma, kwa sababu hupenda fedha yake iwe ndiyo inayoifikisha filamu mwisho. Ukianza na ITVS ukiwa na asilimia 10 tu ya bajeti, jibu utakaloletewa hata kama ni la upole litakuwa "rudi baadaye".

Wakati huohuo utahitaji taasisi mlezi, kwa maana ya asasi isiyo ya faida inayopokea michango ya wakfu na ya watu binafsi kwa niaba ya filamu yako, kwa kuwa wakfu nyingi haziruhusiwi kumpa mtu au kampuni ya kawaida moja kwa moja. Kwa dokumentari, chama cha IDA (International Documentary Association) cha Los Angeles ni mmoja wa walezi wanaojulikana. Ada za walezi kwa jumla huangukia kati ya asilimia 5 na 10. Kwenye mchango wa dola 60,000, asilimia 7 ni dola 4,200, na iingie kwenye bajeti kama mstari wake wenyewe tangu siku ya kwanza. Fedha za LPB na ITVS kwa kawaida husainiwa moja kwa moja na kampuni yako ya utayarishaji, kwa hiyo usizipitishe kwa mlezi na kumlipa ada ya bure.

Mambo yanayoiangusha filamu ya Kilatino PBS

La kwanza ni chanzo cha fedha. PBS hupima kila mfadhili kwa vigezo vitatu: je, ameshika usukani wa maudhui, je, mtazamaji wa kawaida atadhani ameushika, na je, kipindi kinamtangazia biashara. Kigezo cha pili ndicho kinachouma. Filamu yetu ya wavuna zabibu ikipokea dola 15,000 kutoka chama cha wafanyakazi wa mashambani, hata kama chama hakijauliza swali moja, mtazamaji ana haki ya kushuku. Filamu zimewahi kukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Na kurudisha fedha baada ya kuzitumia hakufuti tatizo kirahisi. Ukiwa na ndoto ya PBS, peleka jina la kila mfadhili mwenye maslahi kwenye mada likaulizwe kwanza, halafu ndipo upokee.

La pili ni muziki, na hapa panahitaji kutulia. Kwenye quinceañera, sherehe ya msichana anayetimiza miaka 15, bendi inapiga cumbia, spika za jirani zinapiga norteña, na mpiga picha wako hawezi kuzizima. Kila wimbo una haki mbili: ya utunzi, inayoshikwa na mchapishaji, na ya rekodi, inayoshikwa na lebo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kwenye vifungu vya 114 na 118, inaipa televisheni ya umma nafuu ya pekee, kiasi kwamba nyimbo nyingi zilizokwisha kuchapishwa zinaweza kutumika katika kipindi cha umma bila kumwendea kila mwenye wimbo. Wahariri wakisikia hivyo huweka nyimbo wanazozipenda. Nafuu hiyo haikufuati nje. Haiendi kwenye sinema, wala kwenye diski, wala kwenye huduma ya kibiashara ya kutazama mtandaoni, wala kwa mnunuzi wa Mexico au Hispania. Filamu yenye nyimbo 14 za namna hiyo inarushwa PBS vizuri kabisa, halafu inakuja ofa ya huduma ya mtandaoni, na gharama ya kununua haki za nyimbo hizo inapita ofa yenyewe. Dawa ni karatasi moja inayoanza siku ya kwanza ya uhariri: jina la wimbo, sekunde unazotumia, mchapishaji, lebo, na safu ya mwisho yenye neno moja, "kubaki" au "kubadilisha". Nyimbo za sherehe zibaki kama zina uzito kwenye hadithi. Nyimbo za kujazia ukimya zitungwe upya na mtunzi unayemlipa mara moja na kumiliki kazi yake.

La tatu ni lugha mbili. Filamu hizi huchanganya Kihispania na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na gharama yake haionekani mpaka uhariri uanze. Saa 1 ya mahojiano huchukua saa 4 hadi 6 kunakiliwa kwa mkono. Ukiwa na saa 35 za mahojiano, hizo ni saa 140 hadi 210 za kazi kabla hata ya tafsiri. Programu za kunakili kwa mashine hupunguza sana, lakini huyumba pale msemaji anapohama lugha katikati ya sentensi, na huharibu majina ya watu na ya vijiji. Lazima mtu anayeijua lahaja apitie. Wahojiwa kutoka Oaxaca, Mexico, huenda wakazungumza Kimixteco, lugha ya Wenyeji wa huko, na hapo mashine haina msaada. Mtafute mkalimani kabla ya safari, si baada.

Maandishi ya tafsiri yana kanuni zake: mistari isizidi 2, herufi kama 42 kwa mstari, na kasi ya kusoma iwe karibu na herufi 17 hadi 20 kwa sekunde. Kihispania huwa kirefu kuliko Kiingereza kwa maneno yaleyale, kwa hiyo ukitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kihispania utalazimika kufupisha. Kosa linalojirudia ni kubandika tafsiri moja kwa moja chini kabisa ya picha, kisha maandishi ya wasiosikia yanapowashwa nyumbani kwa mtazamaji, mistari miwili inakaa juu ya mingine na hakuna kinachosomeka. Pandisha jina la mhojiwa, acha nafasi, na jaribu kwenye televisheni halisi badala ya kompyuta ya uhariri.

La nne ni urefu na sauti. Kipindi cha saa moja cha PBS ni dakika 56 na sekunde 46, cha nusu saa ni 26:46, cha saa moja na nusu ni 86:46, na mifululizo yenye utangulizi wake hukata zaidi ya hapo. Sauti iwe wastani wa -24 LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Picha iliyopigwa kwa fremu 23.976 kwa sekunde itabadilishwa kwenda 29.97 wakati wa kukabidhi, na ubadilishaji ukifanywa hovyo kila kamera inapogeuka polepole picha hutetemeka. Fundi wa kukabidhi awe amewahi kuifanya kazi hiyo. Hapa si mahali pa kuokoa dola 800.

Bima ya makosa ya maudhui nayo ni lazima, kwa kawaida ya dola 1,000,000 kwa dai moja na 3,000,000 kwa jumla. Mtoa bima atataka ripoti ya jina la filamu, orodha ya picha za kumbukumbu, na fomu za ridhaa zilizosainiwa. Na ridhaa ndiyo sehemu inayotaka utu. Fomu ya Kiingereza iliyosainiwa na mtu asiyeisoma ina thamani ndogo kisheria, na kiadabu haina thamani kabisa. Weka ya Kihispania, na kwa asiyesoma, soma fomu kwa lugha yake mbele ya kamera na urekodi jibu lake. Kwa mhojiwa asiye na hati za ukazi, amua kabla ya kupiga kama uso utafichwa. Kufunika uso baadaye kwenye kompyuta huacha sauti, jina la mtaa ukutani, na namba ya gari nyuma yake. Faili za picha za mtu huyo zisibebe jina lake halisi. Zipe namba, na ufunguo wa namba hizo ukae kwa mwanasheria.

NALIP: unalipa nini, unapata nini

Ukitoka LPB na ITVS kuja NALIP, acha kufikiria hundi. Chama hiki kinaendesha mikutano, warsha za waandishi na watayarishaji, na mpango wa Latino Lens unaolea filamu na mifululizo kwa msaada wa kampuni kubwa za burudani. Thamani yake iko kwa nani atakaa meza moja nawe. Mtayarishaji anayesaka mhariri aliyewahi kukata dokumentari ya lugha mbili humpata hapa kwa siku 2, kazi ambayo nje ingemchukua miezi.

Inafaa zaidi kwa watu wa namna mbili. Mmoja ni mwandishi wa tamthilia, kwa kuwa LPB na ITVS fungu lao kubwa huenda kwenye dokumentari, na huyu akipiga foleni kule anapoteza muda. Mwingine ni mtayarishaji mwenye filamu fupi 2 au 3 ambaye hajawahi kukaa mbele ya mnunuzi. Kwa aliyekwisha kuwa na mkataba na anachohitaji ni dola 40,000 za kumalizia rangi na sauti, uanachama hautamsaidia leo.

Wanaokosea NALIP hukosea kwa kwenda mikono mitupu. Dakika 10 na mnunuzi zinataka ukurasa 1, si kurasa 15: sentensi 2 za hadithi, aya moja ya kwa nini wewe, bajeti kwa jumla, fedha zilizokwisha kupatikana, na kiungo cha sampuli ya dakika 3 kinachofunguka bila nywila mpya. Mnunuzi akiuliza "umebakiza kiasi gani?" jibu liwe tarakimu.

Kwa mwandishi wa tamthilia kuna njia nyingine za kuweka sambamba na hii: maabara za Sundance Institute, taasisi iliyoanzishwa na Robert Redford mwaka 1981, na Project Involve, mpango wa kulea watengenezaji filamu wa asasi ya Film Independent, ulioanza mwaka 1993 huko Los Angeles. Hizo si za Walatino peke yao na ushindani wake ni mkali, lakini anayekubaliwa hubeba muhuri unaofungua simu nyingi. Tamthilia ina mtego wake pia. Ukitaka waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA, mkataba wa bajeti ndogo kabisa kwa filamu ndefu unaishia dola 300,000, unaofuata 700,000, na unaofuata tena 2,000,000. Anza makaratasi angalau wiki 4 kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, la sivyo mwigizaji wako mkuu hatasogea mbele ya kamera.

LALIFF na matamasha ya Kilatino: lini, na kwa mpangilio gani

Tamasha huja mwisho, lakini uamuzi wake hufanywa mapema. Matamasha makubwa ya jumla hutaka kuwa ya kwanza kuonyesha filamu. Ukiionyesha kwanza nyumbani, kwenye tamasha la mtaa lililokualika kwa upendo, huenda umefunga mlango wa tamasha la Sundance bila kujua. Kwa hiyo mpangilio wa kawaida ni tamasha kubwa moja au mawili kwanza, usubiri majibu, halafu LALIFF na wenzake.

Wenzake ni wengi na kila mmoja ana watu wake. CineFestival ya San Antonio, yenye mizizi tangu miaka ya 1970, ndiyo kongwe kuliko zote na ina watazamaji wa Kitejano, yaani Watexas wenye asili ya Mexico, wanaoijua historia ya Chicano, harakati za haki za Wamarekani wenye asili hiyo. Chicago ina tamasha lake tangu mwaka 1985, linalochanganya filamu za Amerika ya Kusini, Hispania na Ureno. San Diego iko mpakani, na filamu za Tijuana na za uhamiaji hupata wenyewe pale. LALIFF ina faida ya mahali: watu wa studio na wakala wako dakika 20 kutoka ukumbini, msongamano ukiruhusu. Filamu ya wavuna zabibu itapigiwa makofi zaidi San Antonio, lakini mazungumzo ya kazi inayofuata yatafanyika Los Angeles.

LALIFF pia imewahi kuendesha, kwa udhamini wa Netflix, mpango wa kuwafadhili waongozaji wa Kilatino wenye asili ya Kiafrika na ya Wenyeji wa Amerika ili watengeneze filamu fupi. Kwa anayeanza hiyo ni bora kuliko kuonyeshwa tu, kwani unatoka na fedha, filamu na ukumbi kwa pamoja. Sharti la kuangalia ni nani anamiliki filamu hiyo fupi baadaye, na kwa muda gani mdhamini ana haki ya kuionyesha.

Ada za kuwasilisha huanzia kama dola 25 kwa filamu fupi na kupita 80 kwa ndefu kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia. Filamu moja kwenye matamasha 25 ni kama dola 600 hadi 2,000 au zaidi, na fedha ya LPB haikuwekwa kwa ajili hiyo. Weka mstari wake kwenye bajeti. Na kama umesaini na ITVS au LPB, usiweke filamu nzima mtandaoni kwa umma kabla ya kurushwa, hata kwa wikiendi moja ya kuchangisha fedha. Kiungo chenye nywila kwa waamuzi wa tamasha kinatosha.

Hali yako ikoje?

Mwenye wazo na picha za saa 5 asiombe ITVS. Aende NALIP, atengeneze sampuli ya dakika 5 hadi 7, kisha LPB ikiwa mada ni ya Kilatino na mwito uko wazi. Mwenye saa 40 za picha, mkato wa dakika 20 na filamu moja nyuma yake aombe LPB na ITVS kwa pamoja, ila bajeti mbili zifanane hadi senti, kwa sababu wasomaji wa maombi wanafahamiana. Mwenye filamu iliyokwisha, isiyo na fedha ya umma ndani yake, ana uhuru mkubwa kuliko anavyodhani: anaweza kupeleka tamasha, kuuza huduma ya mtandaoni, na bado akaiuzia PBS haki za kurusha baadaye, mradi wafadhili wake wapite vile vigezo vitatu. Mwenye tamthilia ya dola 250,000 na waigizaji wa chama aelekee NALIP na Film Independent, na televisheni ya umma aisahau kwa sasa.

Kwa Mswahili aliyeko Minneapolis au Columbus mwenye filamu yake mwenyewe, mlango wake hauko LPB. Uko kwa ndugu yake, Black Public Media ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambayo mfululizo wake wa AfroPoP huonyesha maisha ya watu Weusi barani Afrika na ughaibuni. Masharti ya hakimiliki na ukazi yanafanana. Na aliyeko Mombasa au Bukoba anayeshirikiana na mtayarishaji Mlatino, tuseme kwenye filamu ya wachuma kahawa wa mabara mawili, ajue kwamba mwombaji lazima awe yule wa Marekani na hakimiliki ikae kwake. Basi mkataba wa ninyi wawili usainiwe kabla ya ombi, ukitaja asilimia ya mapato, jina lako kama mtayarishaji kwenye skrini, na haki za kurusha Afrika Mashariki ziandikwe kuwa zako, kwani televisheni ya umma ya Marekani kwa kawaida haizihitaji na mara nyingi huziacha nje ya mkataba bila ubishi.